Kiatu Kinachopashwa Moto

Wahenga walisema adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Kwa mfano huohuo, kubana kwa kiatu akujuaye ni mvaaji. Lakini je, mvaaji mwenyewe asipokujua? Hilo ndilo nataka tuzungumze juma hili.

Tuanzie mbali kidogo, Uswisi, nchi ya milima na theluji. Huko watu huteleza juu ya theluji wakiwa wamefunga mbao ndefu miguuni, na huvaa buti gumu la plastiki lisilopinda. Buti hilo likibana, mchezo umekwisha. Basi mafundi wao wana ujanja. Ndani ya buti hutiwa bitana ya sponji ya plastiki. Bitana hiyo hupashwa moto mpaka ilainike, mteja huingiza mguu, husimama wima dakika kadhaa, na ikipoa huwa imeshika umbo la mguu wake yeye, si la mguu wa jirani.

Utaniuliza, haya yanatuhusu nini sisi tunaoiona theluji kileleni Kilimanjaro, tena kwa mbali? Yanatuhusu, kwa sababu ujanja huohuo wa kupasha sponji na kuikanyaga ingali laini umetumika pia kuokoa miguu ya watu wenye ukoma. Na hapa kwetu Waswisi na tiba ya ukoma walikutana katika mji mmoja, nao ni Ifakara.

Wamisionari Wakapuchini wa Uswisi walifika nchini mwaka 1921. Katika bonde la Kilombero ikakua Hospitali ya Mtakatifu Fransisko. Miaka ya 1950 Profesa Rudolf Geigy wa Basel akafungua hapo Ifakara maabara ya utafiti, ambayo ndiyo chimbuko la Taasisi ya Afya Ifakara ya leo. Na hapohapo Ifakara kituo cha Nazareti kilihudumia watu wenye ukoma kwa miaka mingi.

Sasa fikiria bonde lenyewe. Kilombero ni nchi ya mpunga. Mkulima hushinda matopeni, peku, na jioni huota moto. Mwenye mguu mzima akikanyaga kisiki hupiga kelele na kurudi nyuma. Aliyeliwa mishipa ya fahamu na ukoma huendelea kutembea. Mwiba unaingia, kaa linamchoma, usiku panya wanamtafuna kidole, yeye kalala. Kidonda kinazaa kidonda mpaka mguu unakatwa.

Kwa karne nyingi watu waliamini kwamba ukoma wenyewe ndio unaoozesha vidole. Mwaka 1873 daktari wa Norway, Hansen, aligundua kijidudu chake, lakini imani ile haikufa. Ndipo daktari Paul Brand, aliyeanza kazi Vellore, India, mwaka 1946, akaonyesha kwamba nyama ya mgonjwa si mbovu. Ikilindwa isiumizwe, hupona kama ya mtu mwingine yeyote. Kilichokosekana ni maumivu. Naam, maumivu yale tunayoyalaani ndiyo askari wa zamu wa mwili.

Tangu hapo kiatu kikawa dawa. Tena si kiatu chochote. Asiye na hisia, akiachiwa achague mwenyewe, mara nyingi huchukua kinachombana, kwa kuwa hicho ndicho anachokihisi walau kidogo. Kwa hiyo mafundi wakatafuta sponji laini za kutandika ndani. Miaka ya 1960 ikaja ile ya plastiki, ambayo hupashwa katika oveni kwenye nyuzi 140 hivi, ikapozwa kidogo juu, mgonjwa akavishwa soksi akaikanyaga. Uzito ukaenea unyayo mzima badala ya kukaa mahali pamoja. Kisha mgonjwa alitembezwa, akavuliwa, na mhudumu akapapasa unyayo kwa mkono. Palipo na joto kuliko pengine ndipo panapoumia, hata kama mwenyewe hasemi kitu.

Lakini tusidanganyane. Sponji ile hubonyea na kuisha, na huhitaji oveni na umeme. Vijijini ilibidi mafundi watumie sponji ya mpira juu ya soli ya tairi, yaani ndugu yake katambuga. Na palikuwa na kikwazo kikubwa zaidi, macho ya watu. Viatu vilivyofanana vyote viliwatangaza wavaaji sokoni kwamba huyu ana ukoma. Wengi waliviacha chini ya kitanda wakaenda peku. Kiatu kilitosha mguu, lakini hakikumtosha mtu.

Mambo yamesonga. Mwaka 1977 Tanzania ilianzisha mpango wa taifa wa kupambana na kifua kikuu na ukoma. Mwaka 1981 Shirika la Afya Duniani likapendekeza dawa mseto. Mwaka 2006 tukafikia kiwango cha kimataifa cha chini ya mgonjwa mmoja kwa kila watu 10,000. Hata hivyo wagonjwa wapya wanapatikana bado, na dawa inayoua kijidudu hairudishi mishipa iliyokwisha kufa. Aliyepona bado anahitaji kiatu.

Na wewe wa mjini usidhani hadithi hii ni ya watu wa shamba. Kisukari nacho huua fahamu za miguu. Wapo kati yetu wanaotembea na kokoto ndani ya kiatu tangu asubuhi hadi jioni wasijue, wakaja kushtuka kidonda kimeshanuka. Waliyojifunza wahudumu wa ukoma yanawafaa hawa neno kwa neno. Kung'uta kiatu na kupitisha mkono ndani kabla ya kukivaa. Kukagua nyayo kila siku, na kama macho hayafiki, kumwomba mtoto au mwenzi akuangalie. Kutoota moto, na kutotembea peku hata ndani ya nyumba. Kununua kiatu kwa kupima, si kwa kusikia kama kinabana.

Kama una mzee nyumbani mwenye kisukari, usingoje aseme anaumwa. Huenda hatasema kamwe. Leo jioni mvue viatu, papasa nyayo zake. Mkono wako ndio maumivu yake.

Tukutane juma lijalo, Mungu akipenda.