Mzimu, nge na pilipili manga

Hebu nikuulize swali dogo, msomaji. Pilipili manga inatoka wapi?

Waswahili wa zamani wangekujibu bila kusita: inatoka Manga. Na Manga ni Arabuni, hasa upande wa Oman, ndiyo maana mtu wa kutoka huko aliitwa Mmanga. Tatizo ni kwamba asili ya mmea wenyewe si huko. Kwao ni Malabar, pwani ya kusini-magharibi ya India, kwenye mvua nyingi na miti ya kupandia. Muscat ilikuwa njiani tu. Majahazi yaliposhusha magunia Zanzibar au Mombasa, mnunuzi alimwangalia aliyemuuzia, bidhaa ikapata jina la muuzaji.

Nimelikumbuka hilo kwa sababu kwa wiki kadhaa sasa nimezama kwenye habari za zile pilipili kali kupita zote duniani, zile ambazo watu wazima na akili zao wanazila mbele ya kamera huku machozi yanawatiririka. Nilitaka kujua majina yake ya kutisha yametoka wapi. Nikakuta mambo ni yale yale ya manga: jina linakwambia nani alikukabidhi pilipili, halikwambii imeota wapi.

Tuanzie mbali kidogo. Pilipili zote kali za leo, pamoja na hoho isiyowasha, asili yake ni bara la Amerika. Kabla ya 1492 hakuna mtu wa Afrika wala Asia aliyewahi kuionja. Columbus alikuwa anatafuta njia ya kwenda India kwenye pilipili manga, akafika Karibi, akauma kitu kinachowasha, akakiita pilipili. Mimea hii miwili haina undugu wowote, lakini mfadhili wa safari alitaka pilipili, sasa ungemwambiaje?

Halafu akaja Nikolaus Joseph von Jacquin, mtaalamu wa mimea aliyefanya kazi Vienna. Huyu alizunguka Karibi mwenyewe miaka ya 1750 kumtafutia mfalme mimea. Mwaka 1776 akaandika jina la kisayansi la aina moja ya pilipili: Capsicum chinense, maana yake pilipili ya China. Alidhani imetoka China! Ni mmea wa Amerika ya kitropiki, lakini kanuni za majina ya kisayansi ni kwamba aliyetangulia kuandika ndiye anayeheshimiwa, hata akikosea. Kwa hiyo mpaka leo China imebaki pale pale.

Na hao wachina wa Jacquin ndio ukoo wa wakali wote. Habanero ni humo (jina lake maana yake "ya Havana", japo wanaoilima sana ni watu wa Yucatán, Mexico). Scotch bonnet ni humo, imeitwa hivyo kwa sababu inafanana na kofia ya Mskoti. Pilipili mbuzi zetu nyingi, zile za mikunjo zinazonukia kabla hujaziuma, ni za humo humo. Ukitaka kuutambua ukoo huu shambani, angalia pale kikonyo kinapoungana na tunda: mara nyingi pana kamfinyo, kama uzi umefungwa pale. Angalia pia maua, hutoka mawili au zaidi kwenye kiungo kimoja.

Sasa tuje kwenye mzimu. Mwaka 2000 wanasayansi wa maabara za ulinzi za India walitangaza kwamba pilipili ya Tezpur, jimbo la Assam, imepimwa ikafika vipimo 855,000 vya Scoville. Kipimo hiki kilianzishwa mwaka 1912 na mfamasia Mmarekani, Wilbur Scoville, aliyekuwa anazimua pilipili kwa maji ya sukari mpaka waonjaji waseme hawasikii tena muwasho. Leo inatumika mashine, lakini jina lake limebaki. Bingwa wa wakati huo alikuwa Red Savina, habanero ya California yenye 577,000, kwa hiyo watu wengi waliona Wahindi wanajisifu tu. Profesa Paul Bosland wa New Mexico akapata mbegu, akazipanda, akapima mwenyewe. Ikatoka 1,001,304. Mwaka 2007 Guinness wakaitambua kwa jina la bhut jolokia.

Jolokia ni pilipili kwa Kiassam. Bhut je? Magazeti ya Ulaya na Marekani yaliuliza, yakajibiwa kuwa bhut ni mzimu, basi ikawa "pilipili ya mzimu" na ikauzika vibaya sana. Lakini wapo wenyeji wanaosema neno lenyewe ni bhot, yaani la Bhutan au la watu wa milimani huko juu. Kama ni kweli, basi ni pilipili manga nyingine! Watu wa bondeni waliipa jina la waliowaletea kutoka mlimani, dunia ikasikia mzimu. Ukienda Nagaland wanaiita pilipili mfalme, na Manipur wana jina lao, u-morok. Wanagaland hawakukaa kimya: mwaka 2008 walisajili jina la Naga mircha kisheria nchini India kama mali ya eneo lao. Mimi nawapa heko, maana jina la mzimu halimlipi mkulima wa Nagaland hata senti.

Trinidad nao wana hadithi yao. Pale kuna 7 Pot, inayoitwa hivyo kwa sababu, wanasema wenyewe, moja inatosha sufuria saba. Hilo kwangu ndilo jina bora kuliko yote, limetoka jikoni. Kuna na Scorpion, nge, kwa sababu ya kimkia chenye ncha mwishoni mwa tunda. Nge ya Moruga imebaki na jina la kwao, Moruga ni sehemu ya kusini ya kisiwa. Lakini nge iliyoingia Guinness mwaka 2011, kwa 1,463,700, iliitwa Butch T, kwa jina la Mmarekani Butch Taylor ambaye mbegu zilipitia mikononi mwake. Mnaona mchezo?

Kuzitambua kwa macho si rahisi kama wauzaji wanavyodai. Bhut jolokia huwa ndefu na ngozi ya kukwaruza. Moruga huwa ya mviringo, imekunjamana kama uso wa ajuza. Carolina Reaper ina mkia kama mundu, ndio ikapewa jina la Mvunaji, yule wa kifo katika picha za Wazungu. Ila nyuki hajui majina, akitoka ua hili kwenda lile, mbegu za mwaka ujao ni chotara.

Huyo Reaper ameoteshwa South Carolina na Ed Currie. Kabla ya jina la kutisha aliitwa HP22B, namba tu ya shambani. Guinness walimpa taji mwaka 2013 kwa 1,569,300. Mwaka 2023 Currie mwenyewe akamvua kwa Pepper X, yenye 2,693,000. Safari hii ameweka ulinzi. Anasema watu walilitumia jina la Reaper bila ruhusa wakatajirika nalo, kwa hiyo tunda la Pepper X haliuzwi bichi, mbegu hazitoki, kinachouzwa ni mchuzi wa chupa tu. Kwa hiyo mtu akikuletea mbegu za Pepper X kwenye kipakti, muulize tu bei ya pilipili mbuzi.