Kutoka Sadaka hadi Haki: Historia ya Fedha na Hesabu za Elimu Maalumu Mjini Bujumbura

1. Utangulizi

Neno hesabu katika Kiswahili lina maana mbili zinazotegemeana. Ya kwanza ni kujua idadi ya vitu au watu; ya pili ni kueleza, mbele ya mwenye mali, jinsi mali yake ilivyotumika. Asiyehesabiwa kwa maana ya kwanza hana anayemtolea hesabu kwa maana ya pili. Katika historia ya elimu ya watoto wenye ulemavu Afrika Mashariki, uhusiano huo si jambo la kamusi peke yake.

Makala haya yanaufuatilia uhusiano huo mjini Bujumbura, tangu utawala wa Ubelgiji hadi mageuzi ya kiutawala ya hivi karibuni, na kuulinganisha na mifano ya Kenya, Uganda na Tanzania. Hoja kuu ni kwamba njia ya kugawa na kuhesabu fedha imekuwa ikiamua ni mtoto yupi aonekane shuleni, hata pale ambapo sera ilitamka jambo jingine. Maneno matatu yanatumika kama vituo vya safari hiyo: sadaka, ruzuku na haki. Yote matatu yana asili ya Kiarabu, na kila moja lina jibu lake kwa swali la nani anamdai nani.

2. Sadaka na ruzuku chini ya misheni

Ubelgiji uliikalia Ruanda-Urundi mwaka 1916, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwaka 1925 eneo hilo liliunganishwa kiutawala na Kongo ya Kibelgiji, na Usumbura, ambayo leo ni Bujumbura, ikawa makao ya utawala. Elimu iliachwa kwa sehemu kubwa mikononi mwa wamisionari. Serikali ya kikoloni ilitoa ruzuku kwa shule za misheni za Kikatoliki. Shule za Kiprotestanti ziliingizwa katika mpango huo baada ya Vita vya Pili vya Dunia.

Neno ruzuku linastahili kuangaliwa kwa makini. Katika matumizi yake ya zamani, mwenye kuruzuku ni Mungu, na kiumbe hupokea bila kuwa na la kudai. Ruzuku ya kikoloni ilibakiza tabia hiyo. Ilifuata taasisi iliyokubaliwa na mkaguzi, yaani shule, darasa na mwalimu. Haikumfuata mtoto. Mfumo wa namna hiyo ulitosha kuendesha shule ya kawaida, lakini haukuwa na kipimo cha gharama ya ziada ya mwanafunzi asiyeona au asiyesikia.

Pengo hilo lilizibwa kwa sadaka, na majina ya baadhi ya vituo vya Bujumbura yangali yanabeba alama yake. Kituo cha viziwi kinaitwa Ephphatha, neno la Kiaramu lenye maana ya “funguka”, ambalo katika Injili ya Marko Yesu anamwambia kiziwi. Taasisi inayohudumia watoto wenye ulemavu wa viungo imepewa jina la Mtakatifu Kizito, mdogo kwa umri kati ya Mashahidi wa Uganda. Akamuri, kituo cha watoto wenye ulemavu wa akili, kina jina la Kirundi lenye maana ya mwanga mdogo. Hayo ni majina ya huruma na matumaini, na kazi ya vituo hivyo haipaswi kubezwa: pasipo wao, watoto wengi wasingalijua kusoma.

Hata hivyo, sadaka ina mwelekeo wake wa hesabu. Anayepokea taarifa ya matumizi ni mfadhili, ambaye mara nyingi yuko mbali. Mzazi wa Buyenzi au Kamenge hupokea huduma na kushukuru. Hana cheo cha mkaguzi. Mfadhili akichoka, hakuna daftari la umma linaloonyesha kilichopotea.

3. Ada iliyofutwa na gharama iliyobaki

Baada ya uhuru wa mwaka 1962, dola ilizidi kujitwalia mamlaka juu ya shule. Katika Jamhuri ya Pili ya Jean-Baptiste Bagaza (1976–1987), mgogoro kati ya serikali na Kanisa Katoliki ulifanya shule za kanisa ziondolewe mikononi mwake. Baadaye maridhiano yalirejesha shule za mkataba, ambazo ni za umma lakini husimamiwa kwa makubaliano na dhehebu. Umiliki ulibadilika mara kadhaa, lakini fedha ya umma iliendelea kupita katika mfereji uleule wa mshahara wa mwalimu.

Mabadiliko makubwa yalikuja mwaka 2005, Rais Pierre Nkurunziza alipotangaza kufutwa kwa ada ya shule za msingi. Watoto walifurika madarasani kwa idadi ambayo majengo na walimu hawakuweza kuihimili. Kwa familia nyingi maskini huo ulikuwa ukombozi wa kweli.

Kwa mtoto mwenye ulemavu hesabu ilikuwa tofauti. Ada ilikuwa sehemu ndogo ya gharama yake. Kubwa zaidi zilikuwa usafiri, kitimwendo, vifaa vya nukta nundu, mwalimu ajuaye lugha ya alama na, mara nyingi, bweni. Kufuta ada kulimwondolea kila mwanafunzi mzigo uleule. Aliyekuwa na mizigo mingine alibaki nayo. Tena, darasa lililofurika ndilo lisilo na nafasi ya mwalimu kumwinamia mtoto mmoja. Hivyo usawa wa shilingi, au wa faranga, haukuzaa usawa wa masomo.

4. Majirani na njia zao za kuhesabu

Tatizo hilo halikuwa la Burundi peke yake. Tanzania, ambako shule ya wasioona ya Buigiri ilianzishwa na Kanisa la Anglikana mwaka 1950, iliingia mwaka 2002 katika mpango wa maendeleo ya elimu ya msingi uliokusudia ruzuku ya dola 10 za Marekani kwa kila mwanafunzi. Kipimo kilikuwa kichwa cha mwanafunzi, na kila kichwa kilikuwa na uzito mmoja.

Kenya ilikwenda hatua moja mbele. Elimu ya msingi ilipofanywa ya bure mwaka 2003, kila mwanafunzi alitengewa shilingi 1,020 kwa mwaka, na wenye mahitaji maalumu waliokuwa katika shule na vitengo maalumu waliongezewa shilingi 2,000. Hapo mtoto mwenye ulemavu alipata safu yake katika daftari la umma. Lakini nyongeza hiyo ilifungamana na mahali. Mtoto aliyeketi katika darasa la kawaida, kama Tamko la Salamanca la mwaka 1994 lilivyohimiza, aliachwa nje ya safu. Sera ilimwita kwenye shule jumuishi. Fedha ilimrudisha kwenye shule maalumu.

Uganda ilitumia njia ya tatu. Elimu ya msingi kwa wote ilipoanza mwaka 1997, serikali iligharimia watoto wanne kwa kila familia, na mtoto mwenye ulemavu alipewa kipaumbele. Kisha Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2006 ikaitaka serikali itenge si chini ya asilimia 10 ya matumizi yote ya elimu kwa mahitaji ya watu hao. Asilimia ni ahadi kubwa. Ila mtoto hawezi kudai asilimia. Anaweza kudai mwalimu, kitabu au kiti. Pale ambapo bajeti haina fungu linalotenganisha matumizi hayo, hakuna awezaye kuthibitisha kwamba ahadi imetimizwa au imevunjwa.

5. Haki bila safu

Burundi iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2014. Ibara yake ya 24 inadai elimu jumuishi na marekebisho yanayomfaa kila mwanafunzi. Sheria Na. 1/03 ya tarehe 10 Januari 2018 ilifuata, ikilinda haki hizo nchini.

Lugha nayo ilikuwa imeanza kubadilika. Kirundi kilihama kutoka ikimuga kuelekea umuntu afise ubumuga. Kiswahili kilihama kutoka kilema kwenda mlemavu, kisha mtu mwenye ulemavu. Yaani kutoka umbo la ngeli ya vitu hadi umbo la ngeli ya watu. Mabadiliko hayo ni ya heshima na yana thamani. Lakini msamiati wa sheria ulitangulia msamiati wa uhasibu, na mtu aliyepewa jina jipya hakupewa fungu jipya.

Wakati nao ulikuwa mgumu. Baada ya mgogoro wa kisiasa wa mwaka 2015, wafadhili wakuu walipunguza ushirikiano na serikali, na Machi 2016 Umoja wa Ulaya ulisitisha msaada wa moja kwa moja wa fedha kwa dola. Vikwazo hivyo viliondolewa mwaka 2022. Katika miaka hiyo misaada ilipita zaidi katika mashirika. Haki ilikuwa imetangazwa kuwa deni la serikali, huku fedha ikirudi katika njia za sadaka, na hesabu zikitolewa tena nje ya nchi.

6. Hitimisho

Sheria ya mwaka 2023 ilipunguza mikoa ya Burundi kutoka 18 hadi 5, na komini kutoka 119 hadi 42, na mpangilio huo ulianza kutumika mwaka 2025. Komini kubwa zaidi inaweza kuwa mahali ambapo mtoto anahesabiwa na fedha yake inatolewa hesabu chini ya dari moja. Inaweza pia kuwa ofisi iliyo mbali zaidi na mzazi.

Historia iliyochunguzwa hapa inaonyesha mambo matatu ambayo daftari la komini lingepaswa kuyaandika kando kwa kando: mtoto popote anaposoma, huduma aliyoipata, na faranga iliyoilipia. Shule, kichwa au asilimia, kimojakimoja, hakikutosha. Daftari hilo liandikwe kwa lugha ambayo wazazi wa Buyenzi na Kamenge huitumia, ili waweze kulisoma. Aliyepewa sadaka hushukuru. Mwenye haki hukagua.