Kilango cha Jiko na Tone la Zebaki

Ufundi wa friji nilijifunzia Tanga, kwenye kibanda cha bati pale Chumbageni, na neno themostati nililizoea kabla sijaijua baridi yenyewe. Kwetu themostati ilikuwa kile kidude cha kuzuia friji isigandishe mboga, au ile ya kwenye pasi, inayotoa mlio mdogo wa "tik" pasi ikishapata moto. Kwamba mtu huibandika ukutani sebuleni ili aamke mzima asubuhi, hilo nililikuta Minneapolis, Marekani.

Januari moja mke wangu aliniamsha saa kumi alfajiri. "Baba Salma, hebu sikiliza. Hita hailii." Nje ilikuwa nyuzi 24 chini ya sifuri. Nikaenda ukutani na tochi. Themostati yetu ni ile ya duara ya zamani, tuliikuta tuliponunua nyumba, na ina vishale viwili: kimoja ni cha joto unalolitaka, kingine cha joto lililopo. Tulichotaka kilikuwa 68, maana Wamarekani bado wanahesabu kwa Farenhaiti; ni sawa na nyuzi 20 zetu. Kilichopo kilikuwa 61. Yaani yenyewe inaona kabisa kwamba nyumba imepoa, na bado haidai moto. Kulipokucha nikapigia mafundi, wakasema watafika Alhamisi. Siku hiyo ilikuwa Jumatatu.

Mtu aliyekulia Pwani huenda akashangaa: kabla ya kidude hiki watu wa huku waliishije? Jibu ni kwamba kulikuwa na mtu wa kuamka. Nyumba za karne ya 19 zilikuwa na tanuru la makaa ya mawe chini ya sakafu, na tanuru lile halikutofautiana sana na jiko la makaa la mama yangu. Lilikuwa na kilango cha kuingiza hewa. Ukikifungua, moto unapamba, ukikifunga, unafifia. Basi mtu alishuka ngazi usiku, akafungua, akarudi kulala. Nyumba ikawa tanuri, akashuka tena kufunga.

Shuleni kazi hiyo ilikuwa ya mtunza jengo. Warren Johnson alikuwa mwalimu katika chuo cha ualimu cha Whitewater, jimbo la Wisconsin, na kila mara mtunza jengo aliingia katikati ya somo kusoma kipimajoto, kisha akashuka chini kugeuza vilango. Mwaka 1883 Johnson alipata hataza ya chombo cha umeme kilichopiga kengele kule chini darasa likipoa au likizidi joto. Angalieni lakini: somo lilipona, mtunza jengo hakupona. Bado ni yeye aliyeitika kengele.

Aliyemwondoa kabisa ni Albert Butz, mhamiaji mzaliwa wa Uswisi, hapa hapa Minneapolis. Alianzisha kampuni, na hataza akaipata mwaka 1886, mwaka mmoja baada ya Johnson kufungua kampuni yake Milwaukee. Chumba kikipoa, themostati yake iliunganisha umeme, kizuizi kikaachia gia za mota, mkono wake ukazunguka nusu duara na kuvuta mnyororo. Mnyororo ukafungua kilango cha tanuru. Chumba kikipata joto, mkono ukamalizia nusu iliyobaki, kilango kikajifunga. Mimi nilipousoma mpango ule nilicheka peke yangu. Ni jiko la makaa lililopata mpishi asiyelala.

Butz hakukaa kula matunda yake. Mwaka 1888 hataza zake zilikuwa tayari zimebaki kwa mawakili wake, na kampuni ikaendelea bila yeye kwa majina mengine. Mwaka 1927 ikaungana na kampuni ya Mark Honeywell wa Wabash, Indiana, na jina la Honeywell ndilo lililofika kwenye kuta za watu.

Utambuzi wenyewe wa joto ulikuwa wa zamani zaidi. Mwanzoni mwa karne ya 17 Mholanzi Cornelis Drebbel alitumia zebaki kutuliza moto wa chombo cha kuangulia vifaranga, kwa hiyo kuku walitunzwa kabla yetu. John Harrison, mtengenezaji wa saa wa Uingereza, aliunganisha ukanda wa shaba ya njano na wa chuma katika karne ya 18: shaba hutanuka kuliko chuma, ukanda ukajikunja. Mskoti Andrew Ure akauwekea hataza mwaka 1830 kwa ajili ya viwanda, na neno themostati ni lake. Ukanda huohuo ndio unaosema "tik" ndani ya pasi yako.

Ile ya duara ya Honeywell ilitoka mwaka 1953, mchoro wa mbunifu Henry Dreyfuss. Themostati za kabla yake zilikuwa za mstatili, na mstatili ukibandikwa upande, kila mgeni anauona. Duara halina upande. Hapo ndipo lilipojificha tatizo langu.

Nilianza chini. Swichi ya tanuru imewashwa, chujio la hewa ni safi. Nikazima umeme, nikapanda, nikaichomoa themostati kwenye bamba lake. Nyaya mbili, nyekundu na nyeupe, umeme wa volti 24 tu. Nikaziunganisha zenyewe kwa zenyewe, nikawasha. Haikupita dakika, tanuru likanguruma chini ya miguu yangu. Kumbe mgonjwa si tanuru.

Nikazima, nikatoa kifuniko. Ndani mna ukanda ule wa metali mbili umeviringwa kama konokono, na juu yake kichupa cha kioo chenye tone la zebaki. Baridi ikiingia, konokono anajizungusha, kichupa kinainama, zebaki inateleza hadi upande wenye nyaya na kuzigusanisha. Sasa fikiria bamba zima limekaa upande: zebaki haijui ukuta, inajua mlalo tu. Na mimi nikakumbuka kwamba mwezi wa kumi fundi rangi alilifungua bamba lile, akapaka ukuta, akalirudisha kwa macho.

Nikalegeza skrubu mbili, nikaweka pima maji ndogo juu ya bamba. Kipovu kilikuwa kimekimbilia ukingoni. Nikalizungusha kidogo, kidogo tena, kipovu kikaja katikati, nikakaza. Niliporudisha themostati, tone lilivingirika mbele ya macho yangu, na hita ikalia. Mke wangu aliuliza kutoka chumbani, "Umebadilisha nini?" Sikubadilisha chochote.

Kama nyumba yako ina ile ya duara ya zamani na imeanza kukudanganya, jaribu pima maji kabla ya kuita mtu. Ukiamua kuing'oa, usiitupe kwenye pipa la taka: zebaki ya ndani ni sumu, na kichupa kile huvunjika kwa urahisi. Ipeleke panapopokelewa taka za sumu.