Maji ya bomba na moyo wa chura

Kila usiku, taarifa ya habari ikishakwisha, shangazi yangu hufungua kibahasha cha duka la dawa na kutoa kidonge cheupe, kidogo kuliko kifungo cha shati. Ni amlodipini, dawa ya presha. Muulize kinafanya kazi gani, atakwambia, "Kinalegeza mishipa, mwanangu." Amepatia kabisa. Asichokijua ni kwamba habari ya kidonge chake ilianzia kwenye moyo wa chura, mjini London, na ilianza kwa kosa la maji.

Sydney Ringer alikuwa daktari katika hospitali ya University College. Wagonjwa alikuwa nao wa kutosha, lakini kila alipopata upenyo alikimbilia maabara. Huko alichukua moyo wa chura, akaufunga kwenye kijibomba chembamba, akapitisha ndani yake maji ya chumvi badala ya damu, kisha akatazama utapiga kwa muda gani. Ulipiga vizuri tu. Mwaka 1882 akachapisha matokeo yake.

Baadaye maji yakaandaliwa upya, safari hii kwa maji yaliyokenekwa, yaani mvuke uliokingwa na kupozwa hadi ukawa maji yasiyo na kitu ndani yake. Moyo ukaanza kuzembea. Pigo likapungua nguvu, likapungua tena, na baada ya kama dakika 20 ukanyamaza. Chura walewale, chumvi ileile. Ringer akachunguza na kugundua kwamba yale maji ya mwanzo, aliyodhani yamekenekwa, yalikuwa ya bomba, ya kampuni ya New River. Kampuni hiyo ilileta London maji ya chemchemi za Hertfordshire kwa mfereji uliochimbwa na watu na kufunguliwa mwaka 1613. Ardhi ya huko ni ya chokaa, na ndani ya chokaa mna kalsiamu.

Mwingine angenyamaza na kuficha aibu yake. Ringer aliandika makala nyingine mwaka 1883, akaeleza kosa lilivyotokea, akaonyesha kwamba moyo usipopata kalsiamu haujikunji. Wauguzi wetu wanamtaja kila siku bila kumfahamu: ile dripu ya Ringer inayoning'inia wodini ni mjukuu wa maji yale, baada ya daktari wa watoto wa Marekani, Alexis Hartmann, kuyaongezea lakteti miaka ya 1930.

Ilipita miaka themanini kabla ya mtu kuligeuza swali. Kama kalsiamu ndiyo inayoukunja moyo, je, inaweza kuzuiwa mlangoni? Aliyekutana na jibu ni Albrecht Fleckenstein, mwanafiziolojia wa Freiburg, Ujerumani, na hata yeye hakuwa akilitafuta. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 aliletewa dawa mbili za maumivu ya kifua yatokanayo na moyo, prenilamini na verapamili. Zilitanua mishipa, lakini zilikuwa na kasoro: zilidhoofisha nguvu ya moyo. Fleckenstein akaona udhoofu huo unafanana mno na wa moyo ulionyimwa kalsiamu. Alipoongeza kalsiamu, nguvu ikarudi. Chura wa Ringer amefufuka, safari hii ndani ya dawa. Akazipa jina la wapinzani wa kalsiamu.

Kazi yenyewe iko hivi. Seli ya msuli ikiwa imetulia, kalsiamu iliyo nje yake huwa karibu mara 10,000 ya ile iliyo huru ndani. Vijimlango kwenye utando wa seli vikifunguka, kalsiamu humiminika na msuli hujikunja. Dawa hizi huvibana vijimlango hivyo. Verapamili huuelemea zaidi moyo na kupunguza kasi yake. Nifedipini na amlodipini huielemea mishipa ya damu. Mshipa ukilegea, njia hupanuka na presha hushuka.

Nifedipini, iliyotoka kwa kampuni ya Bayer na kuingia sokoni mwaka 1975, ilifanya kazi haraka mno, na hapo ndipo ilipoponza watu. Kwa miaka mingi, mgonjwa akifika na presha ya kutisha, kapsuli ilitobolewa na dawa ikadondoshewa chini ya ulimi. Namba kwenye mashine zilishuka, kila mtu akapumua. Ila presha ikiporomoka ghafla, ubongo na moyo hukosa damu. Wapo waliopata kiharusi, wapo waliopata shambulio la moyo. Mwaka 1996 jarida la JAMA likachapisha makala iliyotaka desturi hiyo isimamishwe. Amlodipini, ya maabara za Pfizer huko Sandwich, Uingereza, ina mwendo wa kobe: huchukua saa 30 hadi 50 kwa nusu yake kuondoka mwilini. Ndiyo maana shangazi anatosheka na kidonge kimoja kwa siku.

Kosa la pili la kinywaji lilitokea pia London, lakini London ya Kanada. David Bailey na wenzake walikuwa wakipima felodipini, ndugu wa amlodipini, pamoja na pombe, na ili kuficha ladha ya pombe wakatumia maji ya balungi. Kiwango cha dawa kwenye damu kikapanda kupita matarajio. Pombe haikuwa na hatia; balungi ndilo lililozuia kimeng'enya cha utumbo kinachovunjavunja dawa hiyo.

Amlodipini yenyewe ilipimwa Afrika pia. Mwaka 2019 yakatoka matokeo ya utafiti wa CREOLE, uliofanyika katika nchi sita za Afrika, Kenya na Uganda zikiwemo. Wagonjwa 728 walipewa dawa mbilimbili, na waliopata amlodipini, pamoja na dawa ya kukojoza au perindopili, dawa nyingine ya presha, walishusha presha zaidi ya wale waliopewa hizo mbili bila amlodipini.

Shangazi naye ana lalamiko lake. Jioni vifundo vya miguu humvimba. Ukibonyeza kidole, kishimo kinabaki. Jirani akamshauri anywe dawa ya kukojoza. Haikusaidia, kwani maji hayo hayatokani na figo kushindwa: mishipa inayoleta damu imelegezwa kuliko inayoirudisha, basi maji huchujika na kubaki miguuni. Daktari akamwongezea perindopili, ambayo hulegeza na ile mishipa ya kurudisha, na viatu vikaanza kumwingia tena.

Kuhusu balungi, aliniuliza kwa wasiwasi. Nikamwambia akaulize kwa daktari, akajibiwa kwamba amlodipini haisumbuliwi nalo sana kama felodipini. Analikata kila asubuhi, na chumvi juu.