Mtu Aliyerusha Viti vya Pweza

Juni 1963, kwenye ufuo wa Makah Bay, jimbo la Washington, Marekani, mhadhiri mmoja alianza kazi ambayo ungeiona ungedhani ni utundu wa mtoto. Alishika mtaimbo, akawa anabandua viti vya pweza mwambani na kuvirusha baharini kadiri mkono wake ulivyoweza. Maji yakipwa, anarudi. Vimerejea? Anarusha tena. Mwamba wa jirani aliuacha kama ulivyo, apate kulinganisha.

Jina lake Robert Paine. Alikuwa na swali moja: ukimwondoa mla wenzake, wanaobaki watastarehe?

Jibu lilikuwa la kushangaza. Kiti cha pweza hula kome. Kilipoondoka, kome walitanda mwamba mzima kama wapangaji wasiolipa kodi, wakawabana wengine hadi wakakosa pa kushika. Mwaka 1966 Paine alichapisha matokeo: spishi 15 zilikuwa zimebaki 8. Mwaka 1969 akaandika makala nyingine, ya kurasa tatu tu, akakipa kiumbe wa aina hiyo jina alilolitoa kwa waashi: lile jiwe la kileleni mwa tao. Jiwe lenyewe si kubwa, lakini ling'oe uone. Mimi naiita spishi ya jiwe la tao.

Kurasa tatu! Niliacha chuo mwaka wa pili, na mojawapo ya vitu nilivyoviacha huko ni ile hesabu ya wasomi: una makala ngapi, umenukuliwa mara ngapi. Sisemi haina maana. Ila ukitaka kujua uzito wa msomi, fuata wazo lake uone limelala wapi.

La Paine lililala mbali. Mwaka 1971, kwenye kisiwa cha Amchitka, Alaska, alikutana na mwanafunzi kijana, James Estes, aliyetaka kujua jinsi misitu ya mwani inavyowalisha fisi maji wa baharini. Paine akamgeuzia swali: na je, fisi maji wanaufanyia nini mwani? Estes alikwenda kuangalia visiwa ambako fisi maji walikuwa wamemalizwa na wawindaji wa ngozi. Akakuta wale viumbe wa miiba, wanaokuchoma ukiwakanyaga, wamejaa chini ya bahari na mwani wameufyeka. Makala yake na John Palmisano ilitoka 1974. Jane Lubchenco, aliyesomea kwa Paine, alikuja kuongoza idara ya bahari na hali ya hewa ya serikali ya Marekani kuanzia 2009.

Halafu wazo likafika kwetu. Mwaka 1988, Tim McClanahan na Mkenya Nyawira Muthiga walichapisha utafiti kuhusu miamba ya matumbawe ya pwani ya Kenya. Palipovuliwa sana, viumbe wa miiba walikuwa tele na matumbawe haba. Ndani ya hifadhi kama Malindi na Watamu, zilizofungwa tangu 1968, mambo yalikuwa kinyume. Mmoja wa waliokosekana ni kikande, samaki mwenye meno ya kuvunja kile kiumbe na miiba yake. Mvuvi akimtoa kikande, miiba inazaana, na katika kutafuta chakula inakwangua mwamba wenyewe, ile nyumba ya samaki. Mwaka 2000 McClanahan aliandika juu ya kurudi kwa kikande kwenye hifadhi zetu, na katika kichwa cha makala akamwita kwa lile jina la Paine. Kurudi kwenyewe, pole pole mno.

Lakini hapa ndipo wazo linapouma. Mwamba wa Mombasa ulipofungwa, si watalii waliopoteza kitu. Ni wavuvi. Kwao kikande ni kitoweo, ni karo ya mtoto. Ukimwambia mtu asivue leo ili mwamba upone baada ya miaka kumi au ishirini, umemwomba mkopo mkubwa, na ni haki yake kuuliza nani atamlipa. Paine mwenyewe alikuwa mgeni: kisiwa cha Tatoosh, alikofanyia utafiti kwa miongo, ni mali ya watu wa Makah, na aliingia kwa ruhusa yao. Sayansi haielei hewani. Inasimama kwenye mwamba wa mtu.

Paine alifariki 2016. Wapo watakaompima kwa hesabu ya kunukuliwa, na hatakosa alama. Mimi naona alichotuachia ni mazoea ya kuuliza, kabla hatujamtoa mtu au samaki mahali pake: huyu anashikilia nini? Swali hilo linamfaa kikande. Linamfaa pia mvuvi, maana mwamba ukishafungwa bila yeye kuketi mezani, nani ataulinda usiku?