Palestra: Chama cha Mpira cha Wataliani wa Brazili

Katika nchi zetu za Afrika ya Mashariki jina la Mtaliani lilijulikana zaidi kwa sababu ya vita. Askari wa K.A.R. walipigana na Wataliani huko Uhabeshi mwaka wa 1941, na mateka wengi wakaletwa Kenya. Leo nataka kuwavusha bahari ya Atlantiki mpaka nchi ya Brazili, ambako vita vile vile viliwafikia Wataliani wasioshika bunduki. Tena viliwafikia katika uwanja wa mpira.

Kwanza yatupasa kujua walivyofika huko. Mwaka wa 1888 utumwa ulikomeshwa Brazili, na wenye mashamba ya kahawa katika jimbo la São Paulo wakahitaji watu wa kazi. Serikali ya jimbo ikalipa nauli za meli, nao Wataliani wakaja maelfu kwa maelfu, waume kwa wake pamoja na watoto. Kazi ya kahawa ilikuwa ngumu na malipo yake haba, hata mwaka wa 1902 serikali ya Italia ikakataza watu wake wasichukuliwe tena kwa nauli ya bure. Wengi waliyaacha mashamba, wakaingia mjini São Paulo kutafuta kazi viwandani.

Hapa pana jambo lisilofaa kupitwa upesi. Italia ilikuwa ufalme mmoja tangu mwaka wa 1861 tu, na wengi wa wageni hao hawakuzoea kujiita Wataliani. Huyu alikuwa Mveneto, yule Mnapoli, yule Mkalabria. Kila mmoja na lugha ya kwao, na mtakatifu wa kwao, na chama cha kusaidiana cha watu wa kwao. Mveneto aliposema lugha ya nyumbani, Mkalabria alipata taabu kumfahamu. Mtu ye yote aliyekaa katika kambi ya wafanya kazi wa mkonge ajua hali hiyo bila kuelezwa.

Mwaka wa 1914 timu mbili za Italia, Torino na Pro Vercelli, zilikuja São Paulo kucheza. Watu wa kila jimbo la Italia walikwenda kuzitazama, wakashangilia pamoja. Ndipo vijana kadha wa kadha, wengine wao makarani katika kampuni ya Francesco Matarazzo (tajiri ambaye naye alikuja mgeni, akaanza na biashara ya mafuta ya nguruwe), wakaona ya kuwa yafaa pawe na chama kimoja cha Wataliani wote. Walitoa tangazo katika Fanfulla, gazeti la Kitaliani la mji ule, na tarehe 26 Agosti 1914 wakaunda chama, wakakiita Palestra Itália. Palestra ni neno lenye asili ya Kiyunani, maana yake mahali pa kuzoezea mwili.

Mchezo wao wa kwanza ulikuwa Januari 1915, wakashinda mabao 2 kwa 0. Mwaka wa 1920 walinunua uwanja wao wenyewe, na mwaka huo huo wakatwaa ubingwa wa São Paulo kwa mara ya kwanza. Katika mji wa Belo Horizonte Wataliani wa huko nao wakaunda Palestra yao mwaka wa 1921.

Basi vita vikaja. Mwezi wa Machi 1942 serikali ya Brazili ilitoa amri ya kwamba mali za raia wa Ujerumani, Italia na Japani zaweza kushikwa kulipia hasara za vita. Majina yenye kutaja nchi hizo hayakuvumiliwa tena. Wenye chama wakaondoa neno Itália, wakajiita Palestra de São Paulo, wakitoa hoja kwamba palestra ni Kiyunani wala si Kitaliani. Hoja ilikuwa ya kweli, lakini wakati wa hasira kamusi haisikilizwi. Mwezi wa Agosti manowari ya Kijerumani ilizamisha meli kadha karibu na pwani ya Brazili, wakafa watu zaidi ya 500, na Brazili ikaingia vitani. Siwezi kuwalaumu watu waliolia wafu wao. Walakini fundi wa kiwanda cha nguo hakuzamisha meli yo yote.

Tarehe 14 Septemba jina likabadilishwa tena. Sasa chama kikaitwa Palmeiras, yaani miti ya jamii ya mnazi na mtende, na rangi nyekundu ya bendera ya Italia ikaachwa. Zikabaki kijani na nyeupe. Siku 6 baadaye walikuwa na mchezo wa kuamua ubingwa, juu ya São Paulo Futebol Clube, katika uwanja wa Pacaembu. Wachezaji waliingia wakiwa wameishika bendera kubwa ya Brazili, na pamoja nao Kapteni Adalberto Mendes wa jeshi, katika mavazi yake ya kiaskari. Yasimuliwa ya kwamba waliokuja kuwazomea walipiga makofi. Palmeiras walikuwa mbele kwa mabao 3 kwa 1 mwamuzi alipowapa penalti. São Paulo wakakataa kuendelea, nao ubingwa ukawa wa Palmeiras.

Wale wa Belo Horizonte nao walibadili jina mwaka huo. Walichagua Cruzeiro, kwa ajili ya nyota za Msalaba wa Kusini, zile zile tuzionazo sisi, nazo zimo katika bendera ya Brazili.

Mwaka wa 1965 mji huo wa Belo Horizonte ulifungua uwanja mkubwa, Mineirão. Tarehe 7 Septemba, sikukuu ya uhuru wa Brazili, timu ya taifa ilicheza huko na Uruguay, ikashinda mabao 3 kwa 0. Siku hiyo wote waliovaa shati la taifa, tangu mlinda mlango hata wachezaji wa akiba, walikuwa watu wa Palmeiras.