Vimondo Wakati wa Daku
Mwaka 1899 wataalamu wa Ulaya walitabiri mvua kubwa ya vimondo, kama zile za 1833 na 1866. Watu wakakesha, wapi! Mushtarii na Zohali zilikuwa zimelivuta kando vumbi la Tempel-Tuttle, nyota yenye mkia inayorudi kila miaka 33 hivi. Hesabu hiyo ilifanywa sawasawa mwaka 1999, Asher na McNaught walipofuata kila mkondo wa vumbi peke yake. Basi usiku wa kuamkia 18 Novemba 2001, Ramadhan ndiyo kwanza imeingia, vikamiminika Marekani. Aliyeamka kula daku akichungulia nje tu, anaviona. Sisi huku Kenya ilikuwa saa saba mchana.